Mia Tatu za Matanga

Gatimu alianguka kutoka juu ya lori la marobota ya nyasi Jumanne ya pili ya Januari, na kabla hajafika chini alikuwa ameshapoteza kazi. Mwenye lori alikuwa amemwandika kwa siku, na siku yake iliishia pale alipogusa ardhi. Wenzake walimpeleka hospitali Nanyuki nyuma ya pikapu, mfupa wa muundi umetoboa suruali. Madaktari walisafisha kidonda, wakamfunga vyuma vya nje: fito nne zilizopita ndani ya nyama na kushikiliwa na chuma kirefu kando ya mguu.

"Sasa naweza kushika stesheni zote kutoka Meru mpaka Nyeri," alimwambia mkewe alipozinduka. "Hata redio tuuze."

Mkewe hakucheka, kwa sababu daktari alikuwa ameshamwita kando.

"Mama, hivi vyuma ni vya kungojea tu. Ndani ya miezi mitatu lazima tuingize chuma cha ndani. Tukichelewa, hapa fito zinapoingilia pataoza mpaka kwenye mfupa, na hapo tutakuwa tunaongea juu ya kukata."

"Ni pesa ngapi?"

"Elfu themanini na tano, kila kitu."

Bima ya Gatimu ilikuwa haijalipiwa tangu Agosti. Kibarua wa siku huchagua kati ya bima na unga, na nyumba ile ilikuwa imechagua unga.

Mkewe anaitwa Wachuka, lakini sisi wapangaji wenzake wa ploti tunamwita Mama Lynn, kwa jina la binti yao wa kidato cha pili. Ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Wamagana, akaolewa huko huko, na njaa ya ardhi ikawafukuza yeye na Gatimu mpaka Timau. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akipanga mawaridi katika shamba moja la maua nje ya mji. Hahitaji rula. Anashika shina na kusema hamsini, sitini, sabini, na ni sentimita hizo hizo. Vidole vyake vina makovu ya miiba yaliyopandana mpaka simu yake haimtambui alama ya kidole. Sijui shada moja huuzwa kwa bei gani huko linakokwenda. Yeye pia hajui. Miaka kumi na moja, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Anachojua ni kwamba mwisho wa mwezi anapata elfu kumi na tatu na mia mbili.

Chumba chao na chetu vinatenganishwa na bati moja. Mwaka jana nilimaliza chuo kikuu, nilikosomea uchumi, nikarudi kwa mama yangu Timau na cheti ndani ya bahasha. Nilikuwa na imani kubwa. Niliamini umaskini ni nusu mshahara mbaya na nusu kutojua pesa inaenda wapi. Mshahara sikuwa na uwezo wa kuubadilisha, kwa hiyo nikaikamata ile nusu nyingine kwa mikono miwili.

Gatimu aliporudi nyumbani na vyuma vyake, nilimpelekea Mama Lynn daftari jipya la kurasa tisini na sita.

"Andika kila shilingi," nilimwambia. "Hata ya peremende. Siku thelathini. Mwisho wa mwezi tutakaa chini tuone pesa inavujia wapi."

"Ivujie wapi, Griffins? Inafika hapa ikiwa imeshakauka."

"Kila mtu husema hivyo kabla ya kuandika, Mama Lynn."

"Haya, andika," Gatimu alimwambia kutoka kitandani. "Na mimi uniandike. Mzigo mmoja, kilo sabini, haulipi kodi."

Aliandika. Nimeona wanafunzi wa chuo wakishindwa kuweka hesabu ya wiki moja, na huyu mama, akitoka kazini amesimama masaa tisa, aliandika kila siku ya Februari bila kuruka. Maziwa 30. Mkaa mkebe mmoja 100. Sukuma 20. Kufungwa kidonda zahanati 200. Chakula cha Lynn shuleni 450. Kredi ya simu 20. Mandazi mbili 20, na kando yake maneno haya: njaa ilinishika njiani. Hakuna aliyemwambia aeleze. Aliona haya kula mandazi mbele ya daftari.

Jumapili ya kwanza ya Machi tulikaa chini, mimi na kalamu nyekundu. Nilimweleza: palipo na hitaji la lazima tunaacha, palipo na kitu anachoweza kuishi bila hicho ninaweka eksi. Niliijumlisha Februari mara tatu nikitafuta uvujaji. Haukuwepo. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mgonjwa mmoja, mtoto mmoja, na mshahara ambao haukutosha hata mmoja wao. Ningekuwa mtu mwaminifu ningeifunga kalamu hapo hapo na kusema: Mama Lynn, umeibiwa, lakini si na mandazi. Lakini nilikuwa nimeahidi uvujaji, na mtu aliyeahidi uvujaji huutafuta mpaka autoboe mwenyewe.

Nikafika kwenye michango.

Mtu asiyeishi huku huenda asielewe ni mambo gani. Mtu akifa, akilazwa, akioa, orodha hufunguliwa kwenye kundi la WhatsApp: moja, fulani, mia mbili, mbili, fulani, mia tatu. Kila anayetuma hunakili orodha nzima na kuongeza jina lake chini. Usipokuwemo, hakuna atakayekusema. Orodha yenyewe inasema. Mama Lynn alikuwa na makundi matatu: la ploti, la kazini, na la ukoo wa Gatimu kule Wamagana. Februari peke yake alikuwa ametoa elfu moja na mia sita.

"Hapa," nilimwambia. "Hapa ndipo inapovujia."

"Hiyo si pesa ya kutumia, Griffins. Hiyo ni ya kukaa na watu."

"Watu watalipa mguu?"

"Sasa nani mwingine?"

Hilo ndilo swali ambalo ningepaswa kulikalia kwa wiki nzima. Badala yake nilitoa hotuba. Nilisema nchi inayoomba michango kila Jumamosi ni nchi iliyokataa kulipa watu wake. Nilisema harambee ni maskini kupokezana shilingi moja iliyochakaa huku tajiri akipiga makofi. Mpaka leo naamini kila neno. Lakini nilikuwa nalisema kwa mtu asiyefaa, katika chumba kisichofaa, na kalamu mkononi. Ukoo wa Wamagana, 500: eksi. Chama cha kusaidiana kazini, 400: eksi. Harusi, 200: eksi. Hospitali ya mama wa jirani yetu Wakonyo, 200: eksi. Matanga, mtoto wa Murugi, 300.

"Hiyo uiache," alisema.

"Hatuchagui, Mama Lynn. Tukianza kuchagua hatutamaliza."

Nikaweka eksi.

Machi yote hakuchanga. Alituma ujumbe kwa kundi la kazini kwamba anasimama kwa muda. Kundi la Wamagana likawa linalia kila jioni kwa matanga ya mzee mmoja wa ukoo, na aibu ikamshinda, akajitoa bila kuaga. Aliacha sukari. Aliacha mandazi. Alianza kutembea kutoka stendi mpaka shambani, kilomita nne, alfajiri yenye baridi ya mlima. Kufikia wiki ya tatu alikuwa na elfu sita mia tatu na hamsini ndani ya kopo la kakao, na nilifurahi kuliko yeye. Niliona mbegu. Nilimwambia kwamba mtu anayeitisha harambee akiwa na kianzio chake hachekwi, na kwamba zilizobaki zitapatikana. Ndiyo, harambee ile ile niliyoitukana. Hesabu ilikuwa imekwisha kunionyesha kwamba bila hiyo mguu hauponi. Mama yake Wakonyo alichangiwa elfu tisini na mbili mwezi uliopita tu. Kwa nini Gatimu asichangiwe?

Halafu nikafanya jambo ambalo sijui nitalisimulia vipi ila kama lilivyokuwa.

Nilitaka wanawake wote wa ploti waandike. Niliona mbali: leo ploti moja, kesho Timau nzima, wafanyakazi wa maua wakiwa na madaftari mkononi, wakimwonyesha mwajiri kwa tarakimu kwamba mshahara wake hauwezi kulisha mtu. Jumapili alasiri niliwaita karibu na mfereji. Walikuja wanane, wakakaa juu ya mitungi na vigoda, wengine wakiendelea kufua.

"Haya, mwalimu," alisema Wakonyo, ambaye huuza viazi kando ya lango. "Tufundishe kuwa matajiri haraka, soksi za watoto hazijakauka."

"Utajiri unaanza na kalamu," nilisema.

"Basi karani wa chifu angekuwa na ndege."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nikasema mfano hai tunao hapa hapa. Nikaingia kwa Mama Lynn, nikachukua daftari juu ya meza. Alikuwa akimbadilisha Gatimu bandeji. Aliniona nikilichukua, akasema, "Griffins, ngoja kwanza," lakini nilikuwa nimeshatoka. Nililipitisha mkono kwa mkono ili waone jinsi kazi safi inavyokuwa.

Lilifika kwa Murugi. Murugi anakaa chumba kinachotazamana na chetu. Mtoto wake wa miaka minne alikufa kwa homa ya mapafu tarehe tisa Februari. Alifungua kurasa polepole, kidole kikifuata mistari, na nikaona kidole kimesimama. Nilikumbuka kabla hajasema.

"Hii nyekundu ni ya nini?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshawaeleza dakika tano kabla: nyekundu ni pesa iliyopotea bure.

"Mia tatu," Murugi alisema. Hakupandisha sauti. "Sikuwa najua ni ngapi alitoa. Siku ile sikuwa naona orodha." Akalifunga daftari, akampa Wakonyo, na Wakonyo naye akatafuta ukurasa, akamkuta mama yake. Mama Lynn alikuwa amefika mlangoni na bandeji chafu mkononi.

"Murugi, si mimi niliweka hiyo rangi."

"Kitabu ni ya nani, Mama Lynn?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi ni sawa. Si umeandika ukweli." Akachukua ndoo yake na kwenda.

Nilisimama pale kusema kwamba kalamu ilikuwa yangu. Nilisema. Nililisema mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Gikuyu. Wakonyo alinitazama kama anavyotazama mtu anayeomba viazi kwa mkopo. "Wewe ni mtoto," alisema. "Mwenye kuweka kitabu nyumbani ni mtu mzima."

Baada ya hapo hakuna aliyegombana na Mama Lynn. Laiti wangegombana. Walimsalimu, walimpisha kwenye mfereji, walimuuliza hali ya mgonjwa. Lakini hakuna aliyeingia tena kumsaidia kumgeuza Gatimu, na hakuna aliyemwazima kitu, hata chumvi. Alikwenda kwa Murugi jioni mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza Murugi alimpa kiti na chai. Mara ya pili alimpa chai tena, ya maziwa mengi, na kumwambia, "Usijisumbue. Hakuna deni hapa."

Gatimu peke yake ndiye aliyeendelea na utani wake. "Mimi niliwaambia," alisema. "Mngeniweka mimi eksi mkaacha wengine."

Harambee ilifanywa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, uwanjani pa ploti. Tulikodi viti hamsini. Mama yangu alipika chai sufuria mbili. Fito za Gatimu zilikuwa zimeanza kutoa maji ya manjano, na tulimtoa nje kwa kiti cha plastiki ili watu wamwone, mguu juu ya kreti ya soda. Nzi walimjua. Kufikia saa nane walikuwa wamekaa watu kumi na saba.

Awale, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, alikuja na gari lake. Gatimu alikuwa amempakilia nyasi za ng'ombe kwa miaka minne. Alimshika mkono, akakaa naye kitambo bila kusema mengi, akatoa elfu tano. Watu wa kazini walituma elfu tatu na mia moja. Mama yangu alitoa mia tano. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.

Kisha Murugi akaja mbele. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Aliweka mezani noti tatu za mia, akazinyoosha moja moja.

"Andika," aliniambia. "Murugi, mia tatu. Ya matanga."

"Hii ni ya hospitali, Murugi," nilisema.

"Andika ninavyokwambia. Ya matanga."

Wakonyo akaja na mia mbili. Mwingine akaja na mia, kwa sababu mwaka uliopita alipewa mia. Hawakuwa na hasira usoni. Walikuwa wakirudisha, kila mtu kiasi chake, na kila aliyerudisha alikwenda zake akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Mama Lynn alisimama nyuma ya kiti cha mumewe na kumshukuru kila mmoja kwa jina. Nilipojumlisha, ilikuwa elfu tisa mia nane na hamsini. Pamoja na kopo la kakao, elfu kumi na sita na mia mbili.

"Si mbaya," Gatimu alisema. "Wanunue chuma cha kufika gotini tu."

Siku kumi baadaye homa ilimpanda hadi akawa anamwita marehemu baba yake. Tulimpeleka Nanyuki. Daktari alifunua bandeji, akaifunika tena haraka. Hakutaja elfu themanini na tano. Alisema kukata ni elfu ishirini na mbili, na kwamba zinazopungua zinaweza kulipwa pole pole. Ndivyo ilivyo katika nchi yetu: kuokoa mguu wa kibarua kuna bei isiyofikika, lakini kuupoteza kuna bei tunayoweza kuikaribia. Gatimu alitia sahihi mwenyewe. Aliharibu karatasi ya kwanza, wakamletea nyingine.

Kabla hajaingizwa, alimshika Mama Lynn kitambaa cha kichwa na kumvuta karibu.

"Usiwaache wauchome mguu wangu," alisema. "Upeleke Wamagana. Uzikwe karibu na baba, ili siku yangu ikifika nisianze kutafutana nao."

"Nitaupeleka," alisema.

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Muuguzi alitoka na fomu na kuuliza kama familia itauchukua au hospitali iuteketeze. Mama Lynn aliomba dakika kumi. Alitoka nje kwenye veranda na kumpigia Mwai, shemeji yake, ambaye ndiye anayekaa kwenye shamba la baba yao. Aliiweka simu kwa sauti kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo nilisikia yote.

"Pole sana, Mama Lynn," Mwai alisema. "Pole kabisa. Lakini kuzika ni kazi ya watu, hata ikiwa ni kidole. Nitaita nani achimbe? Yule mzee wa ukoo alipokufa Machi ulitoka kwenye kundi, hata pole haukuandika. Watu waliuliza. Nilikosa la kusema."

"Nitachimba mimi, Mwai. Nipe tu mahali."

"Mwanamke achimbe peke yake kwa boma ya baba mkwe? Unataka watu wa hapa waniseme vipi? Si hospitali huwa na njia yao?"

Alimshukuru. Alikata simu na kubaki ameishika mbele yake kama mtu anayesoma saa. Nilimwambia nitakwenda naye, nitachimba mimi usiku, nitapigana na Mwai. Nilisema mambo mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile subira yake.

"Griffins," alisema, "hapa Timau tunakodisha. Wamagana hawatutaki. Niambie basi udongo wangu ni upi."

Chuo hawakunifundisha hilo, na hata wangenifundisha, lisingekuwa na faida wakati ule. Aliingia ndani akatia sahihi kwamba hospitali iuteketeze.

Siku ya tatu Gatimu alikuwa na nguvu ya kuketi. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo lingeinuka. Mama Lynn alikuwa amekosa kwenda kazini siku tatu, siku zisizolipwa, na alikuwa amebakiwa na saa moja tu kabla ya gari la kurudi Timau. Alimchambulia chungwa, akamlisha kipande kwa kipande.

"Mwai alikuwepo?" Gatimu aliuliza.

"Alikuwepo."

"Na watu?"

"Walikuja. Kumi hivi. Walichimba vizuri."

"Upande gani?"

Aliondoa mbegu kwenye kipande cha chungwa kwa ukucha, akaiweka juu ya sahani.

"Upande wa kulia wa baba yako," alisema. "Chini ya ua wa mkonge."

Gatimu alifumba macho na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama Lynn akamtia kipande kingine mdomoni, akatazama saa ya ukutani, akaendelea kuchambua.